Alexander Gerst, kutoka kasoko ya Erebus hadi kituo cha angani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha jiografia. Kila tukifika mada ya volkano, nikamtaja Mjerumani aliyeanza kazi ukingoni mwa kasoko akaja kuwa kamanda wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, daftari hufungwa na maswali yakaanza. Mengine huniletea wazazi. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake ili nisiyarudie kila mwaka, na ili mwalimu mwenzangu yeyote anayeyahitaji ayachukue.

Alexander Gerst ni nani?

Ni mwanajiofizikia na mwanaanga wa ESA, yaani Shirika la Anga za Juu la Ulaya. Alizaliwa tarehe 3 Mei 1976 katika mji mdogo wa Künzelsau, kusini mwa Ujerumani. Alisomea jiofizikia Karlsruhe, akachukua shahada ya uzamili katika sayansi ya dunia huko Wellington, New Zealand, kisha uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hamburg. Amekwenda angani mara mbili, mwaka 2014 na 2018, na mara zote mbili alikaa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kile wanachokiita ISS. Jumla ni siku 362.

Watu wengi humjua kwa hizo siku 362. Mimi nasema anayetaka kumwelewa aanze na volkano. Alichokwenda kukifanya angani ni kazi ileile aliyokuwa akiifanya mlimani: kufika pasipofikika, kusimamisha kifaa, kupima kwa subira, na kurudi na vipimo ambavyo wenzake wataweza kuvitumia.

Hamu ya anga aliipata wapi?

Kwa babu yake. Mzee huyo alikuwa mpenzi wa redio za mawasiliano, wale watu wanaokesha na mitambo yao wakizungumza na wenzao wa nchi za mbali. Alexander alipokuwa na miaka sita, babu aligeuza antena yake akaielekeza kwenye Mwezi, akampa mjukuu kipaza sauti na kumwambia aseme kitu. Mtoto akasema. Kimya kidogo, kisha sauti yake mwenyewe ikarudi, hafifu, imetoka Mwezini.

Kimya kile kilikuwa cha sekunde mbili na nusu hivi. Darasani huwa nawaachia wanafunzi wapige hesabu wenyewe: Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi, mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, nayo yanakwenda na kurudi. Jibu linatoka lilelile alilolisikia yule mtoto kwa masikio yake. Gerst mwenyewe amekisimulia kisa hiki mara nyingi.

Kwa nini volkano, na alitafiti nini hasa?

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote, kwa hiyo nivumilie nikikaa kidogo.

Utafiti wake wa uzamivu ulimpeleka mlima Erebus, katika kisiwa cha Ross huko Antaktika. Ni mlima wa mita 3,794 uliofunikwa barafu, na ndio volkano hai iliyo kusini kuliko zote zinazojulikana kwa kulipuka katika zama zetu. Ndani ya kasoko yake mna ziwa la lava, yaani mwamba ulioyeyuka ambao hauondoki. Uko pale miaka nenda rudi, ukizunguka polepole kama uji jikoni. Volkano nyingi hufunika koo lake kwa mwamba mgumu. Za namna ya Erebus, ambazo koo lake liko wazi kwa miaka mingi mfululizo, ni chache sana duniani.

Uwazi huo ndio uliomvuta. Mara kwa mara kiputo kikubwa cha gesi hupanda kutoka chini kabisa ya ziwa. Uso wa lava huvimba kama kuba, ukanyooka, ukawa mwembamba, ukapasuka, na mabonge ya moto yakaruka hewani hadi nje ya kasoko. Kuanzia kuvimba hadi kupasuka ni kama sekunde moja tu. Gerst aliichagua sekunde hiyo ya kwanza.

Chombo chake kilikuwa rada ya Doppler, ambayo kanuni yake kila dereva wa Tanzania anaijua, kwa sababu ndiyo ya ile tochi ya trafiki barabarani. Tochi hurusha mawimbi, yakaligonga gari, yakarudi yamebadilika kidogo, na badiliko hilo linasema gari lilikuwa kwenye mwendo gani. Weka rada ya namna hiyo ukingoni mwa kasoko, ielekeze kwenye ziwa, halafu subiri. Kiputo kikianza kuvimba, rada inarekodi mwendo wa ile ngozi ya lava sehemu ndogondogo za sekunde.

Faida yake ni nini? Ukijua ngozi ilivimba kwa kasi gani, unaweza kukokotoa gesi iliyokuwa ndani ilikuwa na mgandamizo kiasi gani na mlipuko ulibeba nguvu kiasi gani. Kisha unalinganisha na kile kilichoandikwa na mashine za kupima mitetemeko ya ardhi, na zile zinazonasa sauti nzito ambazo sikio la binadamu halizisikii. Volkano nyingi za dunia hatuwezi kuchungulia kooni mwake; tunabaki kusikiliza ardhi tukikisia. Erebus ni mahali pa kujifunzia lugha hiyo, kwa kuwa sauti unaisikia na kitendo unakiona kwa wakati mmoja.

Hilo lina uhusiano gani na volkano za huku kwetu?

Uhusiano wa karibu sana. Nyiragongo, juu ya mji wa Goma mashariki mwa Kongo, nayo imekuwa na ziwa la lava kwa miaka mingi, kubwa kuliko la Erebus. Tofauti ni kwamba chini ya Erebus hakuna mji, na chini ya Nyiragongo kuna mamia ya maelfu ya watu, na Kiswahili ndicho wanachoamkiana nacho kila asubuhi. Januari 2002 lava iliteremka na kupita katikati ya Goma. Tarehe 22 Mei 2021 ikateremka tena, usiku, watu wakakimbia wakibeba magodoro kichwani.

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno, hutiririka kwa kasi ambayo lava chache duniani huifikia. Ndiyo maana swali la kusoma dalili mapema kule si la kitabuni. Wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma hutegemea mitetemeko, gesi na sauti kukisia mlima unataka nini. Kila mahali ambapo mtu amefanikiwa kuunganisha sauti fulani na kitendo fulani, hata kama ni kwenye barafu za Antaktika, ni neno moja zaidi katika kamusi wanayoihitaji watu wa Goma. Wanafunzi wakiniuliza sayansi ya mbali yatuhusu nini, mfano wangu ni huu.

Alichaguliwaje kuwa mwanaanga?

Kwa maombi, kama kazi nyingine. Mwaka 2008 ESA ilitangaza nafasi, na watu 8,413 wakakamilisha maombi. Baada ya mitihani ya akili, ya saikolojia, ya afya, na mahojiano yaliyochukua karibu mwaka mzima, walibaki sita. Majina yakatangazwa Mei 2009: Alexander Gerst, Samantha Cristoforetti na Luca Parmitano wa Italia, Thomas Pesquet wa Ufaransa, Andreas Mogensen wa Denmark, na Timothy Peake wa Uingereza.

Katika hao kulikuwa na marubani wa kijeshi na wahandisi. Gerst aliingia kama mtafiti, na shahada yake ya uzamivu alipewa 2010, tayari yumo mafunzoni.

Mafunzo yalikuwaje?

Marefu. Makao yake ni kituo cha wanaanga cha Cologne, lakini mwanaanga wa Ulaya huishi na begi mkononi: Houston, Mji wa Nyota karibu na Moscow, Tsukuba nchini Japani, Montreal nchini Canada. Lazima ajue Kirusi, kwa sababu katika Soyuz, chombo cha Urusi cha kubebea wanaanga, maagizo na mazungumzo ni ya Kirusi. Houston kuna bwawa lenye kina cha mita 12, na ndani yake imezamishwa mifano ya sehemu za kituo kwa ukubwa wake halisi. Huko hujifunza kufanya kazi wakiwa wamevaa lile vazi zito. Pia hufundishwa kushona jeraha, kuzima moto, kutengeneza choo, na kukaa msituni kwenye theluji endapo chombo kitatua mbali na waokoaji.

Kuanzia kuchaguliwa hadi kurushwa, Gerst alisubiri miaka mitano.

Safari zake mbili zilikuwa lini?

Ya kwanza iliitwa Blue Dot. Alirushwa tarehe 28 Mei 2014 kutoka Baikonur, Kazakhstan, katika Soyuz TMA-13M, pamoja na Mrusi Maxim Suraev na Mmarekani Reid Wiseman. Saa sita baadaye walikuwa wamefika kituoni. Alirudi tarehe 10 Novemba 2014, baada ya siku 165.

Ya pili iliitwa Horizons. Aliondoka tarehe 6 Juni 2018 katika Soyuz MS-09 na Sergey Prokopyev wa Urusi na Serena Auñón-Chancellor wa Marekani, ambaye ni daktari wa tiba. Alitua tarehe 20 Desemba 2018, siku 197.

Angani alifanya kazi gani? Si walikuwa wanaelea tu?

Wanaelea, ndiyo, lakini wanaelea wakifanya kazi. Na kabla sijaendelea nirekebishe jambo moja ambalo hata baadhi ya vitabu hulikosea: si kweli kwamba kule juu hakuna uvutano. Kituo kiko kilomita 400 hivi tu juu ya vichwa vyetu, na uvutano wa Dunia pale bado ni mkubwa, karibu asilimia 90 ya huu wa ardhini. Wanaelea kwa sababu kituo chenyewe na kila kilichomo kinaanguka wakati wote, huku kikienda mbele kwa kilomita 28,000 kwa saa, kiasi kwamba kinapoanguka Dunia nayo inajipinda chini yake. Kinaizunguka Dunia kwa dakika 90 hivi. Jua huwachomozea mara 16 kwa siku.

Hali hiyo ya kuanguka bila kufika ndiyo maabara yenyewe. Mwanaanga pale ni mikono ya watafiti waliobaki chini. Kuna mtu ametumia miaka kumi kutayarisha jaribio moja, ana nafasi moja, na mikono itakayoligusa si yake. Gerst aliijua hali hiyo kwa kuwa na yeye alishawahi kuwa mtu mwenye kifaa kimoja na mlima mmoja.

Nitatoa mfano mmoja. Julai 2014 chombo cha mizigo cha Ulaya, Georges Lemaître, kilirushwa kutoka Kourou, huko Guyana ya Kifaransa, na kuwasili kituoni tarehe 12 Agosti. Ndani yake kulikuwa na tanuri la ajabu, uzito wake karibu kilo 400. Tanuri hilo hushikilia gololi ya chuma hewani kwa nguvu za sumaku, haigusi kitu chochote, kisha huiyeyusha kwenye joto linaloweza kufika nyuzi 2,000. Chini duniani ukiyeyusha chuma lazima kikae kwenye chungu, na chungu hukichafua. Kule hakuna chungu, kwa hiyo unapima unato wake, jinsi kinavyotanuka, kinavyoganda. Vipimo hivyo huwasaidia wanaosubu chuma kwa ajili ya mapanga ya injini za ndege.

Gerst alipewa kazi ya kulifunga tanuri hilo ndani ya Columbus, maabara ya Ulaya. Bolti moja iliyolishikilia wakati wa kurushwa ikakataa kutoka. Ikakataa kabisa. Kwa fundi wa gereji huku kwetu hilo ni jambo la dakika tano, analeta msumeno wa chuma anakata. Angani msumeno unatoa vumbi la chuma, vumbi halianguki sakafuni, linaelea, na linaweza kuingia jichoni, kifuani au kwenye mitambo ya umeme. Wahandisi wa chini wakakaa, wakajaribu, wakaja na jibu: povu la kunyolea ndevu. Gerst akaipaka bolti povu, akakata taratibu, na vumbi lote likanasa kwenye povu kama nzi kwenye asali. Tanuri likafungwa, nalo likaanza kuyeyusha vyuma.

Kisa hiki ndicho huwa nawasimulia wanafunzi wanaodhani kazi ya angani ni kubonyeza vitufe.

Alitoka nje ya kituo?

Mara moja, tarehe 7 Oktoba 2014, akiwa na Reid Wiseman. Walikaa nje saa 6 na dakika 13. Kazi kubwa ilikuwa kuhamisha pampu mbovu ya mfumo wa kupoza kituo na kuiweka mahali pa kuhifadhia, na Gerst aliibeba akiwa amesimama kwenye ncha ya mkono wa roboti. Walibadilisha pia taa ya kamera ya nje. Ni Mjerumani wa tatu kutoka nje ya chombo angani, baada ya Thomas Reiter na Hans Schlegel.

Ni kweli aliwanyoa Wamarekani vipara?

Kweli. Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Marekani zilipangwa kundi moja, na kituoni wakawekeana ahadi. Tarehe 26 Juni Ujerumani ikashinda 1-0. Gerst akawanyoa Reid Wiseman na Steve Swanson, mashine ya kunyolea ikiwa imeunganishwa na bomba linalofyonza nywele zisije zikatapakaa. Ujerumani ikaendelea hadi ikachukua kombe.

Alikuwaje kamanda, na lile tundu la 2018 lilikuwa nini?

Tarehe 3 Oktoba 2018 alikabidhiwa ukamanda na Mmarekani Drew Feustel. Alikuwa Mjerumani wa kwanza na mtu wa pili wa ESA kushika nafasi hiyo. Wa kwanza alikuwa Frank De Winne wa Ubelgiji, mwaka 2009.

Tundu lilitangulia kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Agosti 2018, waliokuwa zamu chini duniani waliona hewa ya kituo inapungua polepole. Kwa kuwa haikuwa hatari ya papo hapo, waliwaacha wanaanga walale. Asubuhi wote sita wakaanza kutafuta, chumba kwa chumba, wakifunga milango na kusikilizia. Walikuta tundu la milimita mbili hivi katika Soyuz MS-09, kile chombo alichokuja nacho Gerst na ambacho kilitakiwa kimrudishe nyumbani. Gerst aliliziba kwa kidole. Waongozaji chini walimwona, wakasema hiyo si dawa ya kufaa. Basi likazibwa kwanza kwa utepe, kisha Warusi wakalijaza shashi iliyolowekwa gundi ya epoksi, na hewa ikatulia.

Wengi huuliza: walithubutuje kurudi na chombo kilichotoboka? Jibu ni kwamba Soyuz ina sehemu tatu. Tundu lilikuwa kwenye sehemu ya mbele, ya duara, ambayo hutupwa kabla ya kuingia kwenye angahewa. Abiria hukaa kwenye ile ya katikati, na ile ilikuwa salama.

Mtihani wa pili ulikuja siku nane tu baada ya kupokea ukamanda. Tarehe 11 Oktoba, Soyuz MS-10 ilirushwa ikiwa na Aleksey Ovchinin na Nick Hague waliokuwa wanakuja kuungana nao. Dakika mbili hivi baada ya kuruka, roketi moja ya pembeni ilishindwa kuachia vizuri, ikaigonga ile ya kati. Mfumo wa uokoaji ukawachomoa watu wale wawili, wakatua Kazakhstan wakiwa hai wazima. Huko juu Gerst, Prokopyev na Auñón-Chancellor wakabaki watatu, maana wale wengine watatu walikuwa wamesharudi duniani, chombo chao cha kurudia kikiwa na kiraka, na hakuna aliyejua ni lini roketi nyingine ingeruhusiwa kuruka. Kazi iliyopangiwa watu watano wakaibeba watatu.

Kundi jingine la wanaanga lilifika tarehe 3 Desemba. Kwangu mimi zile wiki saba na siku chache ndizo kipimo chake halisi cha ukamanda. Hazikutoa picha za kusisimua. Majaribio yaliendelea, vifaa vikatengenezwa, mazoezi ya mwili ya saa mbili kila siku hayakurukwa. Katikati ya Novemba walipata hata nafasi ya kujaribu CIMON, roboti wa duara anayeelea na kuzungumza, aliyetengenezwa Ujerumani.

Rekodi ya siku nyingi angani bado ni yake?

Hapana. Siku 362 zilimweka mbele ya wanaanga wote wa ESA mwaka 2018, akampita Thomas Reiter mwenye 350. Luca Parmitano alimpita mwanzoni mwa 2020 kwa siku 366, na Thomas Pesquet akampita Parmitano mwaka 2021. Wote wawili ni wa kundi lake la 2009.

Ule ujumbe kwa wajukuu ulihusu nini?

Tarehe 25 Novemba 2018 alikaa kwenye Cupola, lile dirisha kubwa la kituo linalotazama Dunia, akajirekodi akizungumza na wajukuu ambao hajawapata bado. Video ilitolewa siku alizokuwa anajiandaa kurudi. Anawaomba msamaha kwa niaba ya kizazi chake, kwamba kinaelekea kuwaachia Dunia ikiwa katika hali isiyo nzuri: hewa chafu, misitu inayokatwa, bahari zenye takataka, vita visivyo na maana. Anasema anatamani wasikumbukwe kama kizazi kilichoharibu kwa ubinafsi.

Yapo maneno mengi ya namna hiyo duniani. Haya yana uzito kwa kuwa aliyasema mtu aliyeyaona kwa macho. Julai 2014, akipita juu ya Mashariki ya Kati usiku, aliona milipuko na makombora juu ya Gaza na Israeli. Akapiga picha na kuiita picha yake ya huzuni kuliko zote. Agosti 2018 alipita juu ya nchi yake mwenyewe akaikuta imekauka, rangi ya majani makavu mahali alipozoea kuona kijani. Septemba akapiga picha za kimbunga Florence kikiisogelea Marekani, jicho lake likiwa wazi kama kasoko.

Sasa hivi anafanya nini? Atakwenda Mwezini?

Bado ni mwanaanga wa ESA, na amerudi kwenye mawe. ESA ina mafunzo ya jiolojia yanayoitwa PANGAEA, ambapo wanaanga hupelekwa sehemu kama Lanzarote, kisiwa cha volkano, na Lofoten nchini Norway, kwenye aina ya miamba inayofanana na ile ya nyanda za juu za Mwezi. Mwaka 2022 Gerst alikuwa Lofoten na Stephanie Wilson wa NASA, wakichagua sampuli, wakizieleza kwa redio, wakifanya mazoezi ya kile ambacho mtu atapaswa kukifanya akisimama Mwezini na muda mchache.

Ulaya ina nafasi yake katika Artemis, mpango wa NASA wa kurudisha watu Mwezini, kwa sababu ile sehemu ya chombo cha Orion inayokisukuma na kukipa umeme na hewa hutoka ESA, na huunganishwa Bremen. Novemba 2025, katika mkutano wa mawaziri uliofanyika hukohuko Bremen, mkuu wa ESA alitangaza kwamba mwanaanga wa kwanza wa Ulaya atakayepanda Artemis kwa tiketi ya ESA atakuwa Mjerumani. Wajerumani wawili wanaotajwa ni Gerst na Matthias Maurer. Binafsi ningependa aende mtu anayejua kusoma mwamba, na wote wawili wamepitia mafunzo hayo. Maurer ni mtaalamu wa sayansi ya vifaa.

Mtoto wangu ni Mtanzania au Mkenya. Anaweza kuwa mwanaanga wa ESA?

Akiwa na uraia wa nchi mwanachama, ndiyo. Nchi wanachama sasa ni 23. Wapo wasomaji wa Kiswahili wanaolea watoto Ujerumani, Uholanzi, Sweden au Uingereza, na watoto hao, wakiwa na uraia wa huko, wana haki ileile ya kuomba. Bila uraia huo, njia ya ESA imefungwa kwa upande wa wanaanga.

Isimkatishe tamaa ya anga lakini. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa na Waitaliano kwa niaba ya NASA kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, na setilaiti ikaitwa Uhuru. Vitabu vya unajimu wa kisayansi duniani kote vinaliandika neno hilo vivyo hivyo, kwa Kiswahili.

Asome nini, basi?

Tangazo la ESA la mwaka 2021 lilidai angalau shahada ya uzamili katika sayansi ya asili, tiba, uhandisi, hisabati au kompyuta, au awe rubani wa majaribio, uzoefu wa kazi wa miaka mitatu, Kiingereza kizuri, urefu kati ya sentimita 150 na 190, umri usiozidi miaka 50. Waliomba zaidi ya 22,500, wakachaguliwa 17. Mmoja wao ni John McFall, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyepoteza mguu ujanani, kwa hiyo tusimwambie mtoto mwenye ulemavu kwamba mambo haya si yake.

Ushauri wangu kwa mzazi ni mmoja: usimchagulie somo kwa sababu ya anga. Gerst hakusoma volkano ili awe mwanaanga. Alizipenda, akazisoma hadi mwisho wake, na hata asingechaguliwa 2009 angekuwa na kazi anayoipenda.

Naweza kukiona hicho kituo nikiwa nyumbani?

Unaweza, bila darubini. Kinapita juu ya Afrika Mashariki mara nyingi, lakini kinaonekana tu saa moja au mbili baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko, wakati sisi tuko gizani na chenyewe bado kinapigwa na jua. Tafuta ratiba ya mji wako inayotolewa na NASA, utoke nje dakika chache mapema ili macho yazoee giza. Kitatokea upande wa magharibi kama nyota nyeupe kali kuliko zote, hakimemeti wala hakina taa nyekundu za ndege, hakitoi sauti. Kikipita juu kabisa, kitakata anga lote kwa dakika kama sita. Mara nyingine hufika katikati kikafifia na kutoweka ghafla, bila wingu lolote. Hapo ndipo kilipoingia kwenye kivuli cha Dunia.